Cha Huria Kina Mwenyewe

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Huo ni msemo wa barazani, na aghalabu hutajwa pale ambapo mtu amekwisha kutendewa mabaya yote, kisha akanyimwa hata lile dogo lisilogharimu kitu, yaani kutambuliwa kwa jema alilolitenda. Ni vigumu kudhani kwamba msemo kama huo ungehitaji kutetewa mbele ya majaji wa rufani katika jiji la Washington. Ni vigumu zaidi kudhani kwamba chanzo cha kesi yenyewe kingekuwa magarimoshi ya kuchezea. Hata hivyo, ndivyo ilivyotukia nchini Marekani, na hukumu iliyosomwa tarehe 13 Agosti mwaka wa 2008 ingali nguzo ya kuegemewa na kila mtu anayeandika programu ya tarakilishi kisha akaitoa kwa umma bila kudai hata senti moja.

Mlalamishi aliitwa Robert Jacobsen, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Taaluma yake ilikuwa uchunguzi wa chembe ndogo mno za maada, na uraibu wake ulikuwa magarimoshi madogo yanayozungushwa juu ya reli za mezani. Uraibu huo si mchezo wa watoto kama mtu anavyoweza kudhani. Katika mitambo ya kisasa, kila kichwa cha garimoshi hubeba ndani yake kipande kidogo cha kielektroniki kiitwacho dikoda, ambacho hupokea amri kupitia reli zenyewe: ongeza mwendo, washa taa, piga honi, simama. Watengenezaji wa dikoda ni wengi, na kila mmoja ana mpangilio wake wa namba. Anayetaka garimoshi lake limtii sharti ajue ni namba ipi inayoamuru nini, na katika dikoda ya kampuni gani.

Jacobsen na wenzake wa kujitolea walianzisha mradi ulioitwa JMRI, na ndani ya mradi huo wakaunda programu iliyopewa jina la DecoderPro. Walikusanya maelezo ya dikoda za kila namna, wakayapanga katika faili ambazo tarakilishi ingeweza kuzisoma, ili mraibu yeyote popote alipo asihangaike tena na vijitabu vya maelezo. Ilikuwa kazi ya subira, inayoshabihiana na ya mtunzi wa kamusi anayezunguka akiuliza maneno, akiyapanga na kuyasahihisha kidahizo baada ya kidahizo. Walipomaliza sehemu ya kazi hiyo hawakuiuza. Waliiweka kwenye mtandao ili atakaye aichukue.

Hapa ndipo neno moja la Kiswahili linapohitaji kutazamwa kwa makini. Programu za aina hii huitwa programu huria, na wengi husikia huria wakafahamu bure, kisha wakafahamu kuwa ni kitu kisicho na mwenyewe, mfano wa embe lililoanguka njiani. Sivyo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ambayo mtunzi aliyaandika kwa lugha ya tarakilishi, umewekwa wazi ili wengine wausome, waurekebishe na kuusambaza. Hakimiliki ya maandishi hayo haijafutwa. Mtunzi angali mwenyewe, na ruhusa anayoitoa huja ndani ya leseni. Mradi wa JMRI ulitumia leseni iitwayo Artistic License, iliyoandikwa mwanzoni na Larry Wall kwa ajili ya lugha ya Perl. Leseni hiyo ni pana ajabu. Inamruhusu mtu anakili, abadilishe na asambaze, hata ndani ya bidhaa ya kuuzwa. Inataka machache tu: maelezo ya hakimiliki yabakizwe, mabadiliko yaliyofanywa yatajwe, na mtumiaji aweze kujua kazi asilia inapatikana wapi.

Mwanafunzi wa fasihi hatahitaji kuelezwa mara mbili jambo hili, kwa maana washairi wa pwani waliliishi kabla ya tarakilishi kuwako. Katika takhmisa, mshairi huchukua beti za mwenziwe, akaongeza mishororo mitatu juu ya miwili aliyoikuta, na utungo mpya ukazaliwa. Sayyid Abdallah bin Nasir alitunga takhmisa juu ya beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na hadi leo utungo huo hujulikana kama Takhmisa ya Liyongo. Aliyeongeza hakulifuta jina la aliyetangulia. Beti za Liyongo zilikuwa huria kwa maana ya kwamba kila malenga aliweza kujenga juu yake, lakini hazikuwa yatima. Lau mtu angezichukua beti hizo, akaliondoa jina la Liyongo na kuzisoma arusini kama zake, baraza lingemshika ulimi hata kama hapakuwa na shilingi iliyopotea.

Mambo yalianza kuharibika mwaka wa 2005. Katika jimbo la Oregon palikuwa na Matthew Katzer, mwenye kampuni ya KAMIND Associates, ambaye naye aliuza programu za kuendeshea magarimoshi hayo madogo. Katzer alikuwa na hataza. Barua zikaanza kumfikia Jacobsen zikisema kwamba mradi wa JMRI ulikiuka hataza hizo na kwamba alipaswa kulipa. Ankara zilizofuata zilidai zaidi ya dola 200,000. Hebu msomaji aifikirie hali hiyo: mtu amegawa kitu bila malipo, kisha anatumiwa ankara kwa kila nakala aliyoigawa.

Ni muhimu kutofautisha hakimiliki na hataza, maana wengi huzichanganya. Hakimiliki hulinda maandishi yenyewe jinsi yalivyoandikwa. Watu wawili wakiandika kila mmoja peke yake shairi kuhusu mwezi, hakuna aliyemwibia mwenziwe. Hataza hulinda uvumbuzi, yaani njia ya kufanya jambo. Serikali humpa mvumbuzi haki ya peke yake kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu alipowasilisha ombi, naye kwa upande wake hueleza hadharani jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi. Mpango huo una mantiki yake, na si haki kuubeza. Aliyetumia akiba na miaka yake kutafuta dawa au kuunda mtambo anahitaji kinga dhidi ya wanaongoja tu avune ili wavune naye. Lakini ukiuhamishia kwenye programu, mpango huo huleta shida ya pekee. Programu moja hushikanisha mamia ya mbinu ndogondogo, na anayeiandika anaweza kukanyaga hataza ambayo hakuwahi kuisikia. Kusema kwamba alibuni mwenyewe bila kumwiga mtu si kinga. Ni kana kwamba mtu angejitokeza Lamu na karatasi ya serikali, akasema kwamba yeye ndiye mwenye njia ya kuongeza mishororo mitatu juu ya miwili, na kila atungaye takhmisa, ya maudhui yoyote yale, amlipe.

Jacobsen hakulipa. Mwezi wa Machi mwaka wa 2006 alikwenda mwenyewe katika mahakama ya shirikisho ya kaskazini mwa California, akiomba itangazwe kwamba hakuikiuka hataza ya Katzer na kwamba hataza hiyo haikustahili kutambuliwa kisheria, kwa madai kuwa kazi za watu wengine zilizotangulia zilifichwa ilipoombwa. Kesi ilipokuwa ikiendelea, jambo jingine likafichuka. Ndani ya programu ya Katzer iliyoitwa Decoder Commander mlikuwa na faili za maelezo ya dikoda zilizotoka katika mradi wa JMRI. Majina ya watunzi hayakuwamo. Maelezo ya hakimiliki hayakuwamo. Hapakuwa na rejeleo la leseni, wala la mahali kazi ilikotolewa, wala la jinsi ilivyobadilishwa. Aliyelalamika kwamba shamba lake limevamiwa akakutwa na mahindi ya jirani ghalani mwake. Mwaka wa 2008, kabla mahakama haijaiamua hataza iliyobishaniwa, Katzer aliikana mwenyewe hataza hiyo. Swali la hataza likafifia, na swali la jina likabaki.

Mahakama ya kwanza haikumpa Jacobsen alichotaka. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2007 jaji alisema kwamba leseni ile ilikuwa pana, kwamba Katzer alikuwa na ruhusa ya kunakili, na kwamba kama alikosa kuwataja watunzi, basi alivunja mkataba tu, hakukiuka hakimiliki. Kwa asiyezoea lugha ya mahakama, tofauti hiyo huonekana ya kupasua nywele. Kumbe ndiyo iliyobeba kesi nzima.

Mfano wa kisima utasaidia. Mtu anaweza kumwambia jirani yake, "Chota maji kisimani mwangu, nawe kesho utanisaidia kupalilia." Jirani akichota kisha asije kupalilia, amevunja ahadi. Mwenye kisima ataweza kudai thamani ya kibarua cha siku moja, lakini hawezi kusema kwamba maji yaliibwa. Sasa mtu huyohuyo aseme, "Chota maji kisimani mwangu mradi ukirudishe kifuniko." Hapo kifuniko si ahadi ya kesho. Ni sharti la ruhusa yenyewe, na anayechota akaacha kisima wazi hakuwa na ruhusa hata kidogo. Sheria huwatazama watu hawa wawili kwa macho tofauti. Wa kwanza huulizwa amesababisha hasara ya shilingi ngapi. Wa pili huamriwa atoke kisimani.

Kwa mtunzi wa programu huria, kuwekwa katika kundi la kwanza ni sawa na kuambiwa arudi nyumbani mikono mitupu. Hasara yake ni shilingi ngapi ikiwa bidhaa yenyewe hakuiuza? Sifuri. Endapo hukumu ile ingesimama, kila leseni huria duniani ingegeuka kuwa ombi la adabu ambalo kampuni yoyote ingeweza kulipuuza bila gharama. Ndiyo maana rufani ya mraibu wa magarimoshi ya mezani iliwaamsha watu ambao hawakuwahi kushika garimoshi la aina hiyo. Creative Commons, Linux Foundation, Open Source Initiative, Perl Foundation na Wikimedia Foundation ni miongoni mwa waliojiunga kuwasilisha hoja kwa mahakama ya rufani kumuunga mkono.

Majaji wa rufani waliisoma leseni kama mhakiki anavyosoma shairi, neno kwa neno. Waliona kwamba ruhusa ilitolewa kwa neno lenye maana ya mradi, na kwamba chini ya sheria ya California neno hilo kwa kawaida huashiria sharti. Basi anayenakili nje ya sharti ananakili bila ruhusa, na huko ndiko kukiuka hakimiliki. Majaji hawakuishia hapo. Walieleza kwamba kutokuwako kwa fedha mkononi hakumaanishi kutokuwako kwa faida. Anayetoa msimbo wake huria hujulikana, hupata wasomaji wanaomsahihishia makosa, na mradi wake hukua haraka kwa michango ya watu asiowajua. Jina lililofutwa huikata njia hiyo yote, kwa kuwa mtumiaji hajui pa kurudi kutoa mchango wake. Kwa mtazamo huo jina si pambo. Ndilo malipo pekee aliyoyaomba mtunzi, na ndiyo barabara ya kumrudia.

Haitakuwa kweli kusema kwamba ushindi ulikuja mzima siku hiyo. Kesi ilirudishwa katika mahakama ya kwanza, na mwezi wa Januari mwaka wa 2009 ombi la amri ya kumzuia Katzer lilikataliwa tena, safari hii kwa kuwa madhara halisi hayakuwa yamethibitishwa vya kutosha. Haki yenye jina la kisheria si lazima iwe haki iliyokwisha kutendeka. Hatimaye, mwezi wa Februari mwaka wa 2010, pande mbili zilipatana. Katzer alikubali kulipa dola 100,000 na kutotumia tena kazi ya JMRI. Ilikuwa imechukua takriban miaka minne ya mahakamani, na yote yalianzia kwenye ankara.

Je, makampuni yana nini cha kujifunza hapa? La kwanza ni kwamba msimbo huria huingia katika bidhaa kimyakimya, aghalabu kupitia mkono wa tatu. Mwaka wa 2003, kampuni ya Cisco iliinunua kampuni ya Linksys kwa takriban dola milioni 500. Miezi michache baadaye wachunguzi wa kujitolea waligundua kwamba kifaa cha Linksys cha kusambazia intaneti nyumbani, kilichoitwa WRT54G, kilikuwa na msimbo wa Linux ndani yake. Linux iko chini ya leseni iitwayo GNU General Public License, iliyoandikwa na Richard Stallman na kutolewa mara ya kwanza mwaka wa 1989. Sharti lake ni zito kuliko la Artistic License: anayesambaza kazi iliyojengwa juu ya msimbo huo sharti naye autoe msimbo wa kazi yake kwa ruhusa ileile. Programu hiyo haikuwa imeandikwa na Cisco. Ilitoka kwa watengenezaji wa vipande vya ndani, na mnunuzi wa mwisho akarithi deni ambalo hakuliona kwenye hesabu. Msimbo ulitolewa hadharani, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt unaotumika hadi leo katika vifaa vya kampuni nyingi. Mwaka uliofuata, 2004, mahakama ya Munich nchini Ujerumani nayo iliithibitisha leseni hiyohiyo katika kesi iliyoletwa na Harald Welte, mmoja wa waandishi wa sehemu za Linux.

La pili linahusu hataza, nalo ni gumu zaidi, kwa sababu leseni ya hakimiliki haiwezi kumfunga mtu wa kando ambaye hakuitia saini. Kampuni inaweza kutimiza kila sharti la watunzi, kisha akatokea mwingine kabisa na hataza mkononi. Mwaka wa 2007, Microsoft ilitangaza kwamba Linux na programu nyingine huria zilikiuka hataza zake 235, bila kuzitaja ni zipi. Tangazo kama hilo halihitaji mahakama ili litie hofu. Mnunuzi mwenye wanasheria waoga hujiuliza mara mbili, na hilo pekee hutosha kuhamisha biashara.

Watunzi wa leseni hawakukaa kitako. Leseni ya Apache ya toleo la pili, ya mwaka wa 2004, iliweka kifungu kwamba kila anayechangia msimbo humpa mtumiaji ruhusa ya hataza zake zinazohusika na mchango huo, na kwamba anayeshtaki kwa kudai kazi hiyo inakiuka hataza yake hupoteza ruhusa ya hataza aliyokuwa amepewa. Toleo la tatu la leseni ya Stallman, lililotolewa mwezi wa Juni mwaka wa 2007, liliweka kinga ya namna hiyo. Mwaka wa 2005 palikuwa pameundwa Open Invention Network, jumuiya ambamo makampuni huahidiana kutoshtakiana kwa hataza zinazogusa Linux. Mwaka wa 2018, Microsoft yenyewe ilijiunga na jumuiya hiyo, ikaja na hataza zipatazo 60,000. Aliyetishia kwa 235 alileta 60,000 za amani. Fauka ya hayo, mwaka wa 2014 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, kwamba wazo dhahania haliwi uvumbuzi kwa sababu tu limetiwa katika tarakilishi, na hataza nyingi za programu zikatikisika.

Hata hivyo, ngao hizi zina tundu moja. Anayeunda bidhaa huogopa kushtaki kwa kuwa naye anaweza kushtakiwa. Lakini yapo makampuni yasiyounda chochote, ambayo mali yake ni hataza zilizonunuliwa tu na kazi yake ni kutuma barua. Haya hayana cha kupoteza, wala hayana msimbo wa kunyang'anywa. Kwa hivyo, kampuni makini leo huweka orodha ya kila msimbo huria iliyouingiza, leseni ya kila mmoja na mahali ulikotoka, tangu siku ya kwanza badala ya siku ya kuitwa mahakamani. Ni kazi ya karani, isiyo na fahari. Lakini aliye na orodha hiyo ameshatimiza nusu ya masharti, maana masharti mengi ya leseni huria ni ya kutaja tu.

Yamkini msomaji wa Nairobi, Eldoret au Maseno ataona kwamba haya ni ya Wamarekani na magarimoshi yao. La hasha. Simu nyingi zinazouzwa katika maduka ya Afrika Mashariki hutumia mfumo wa Android, ambao kiini chake ni Linux, na kila anayeiunda au kuibadilisha simu hiyo kabla ya kuiuza anabeba sharti lilelile lililoikuta Linksys. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 nayo inazihesabu programu za tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi. Mwanafunzi aliyezoea kuigawa fasihi katika riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi atashangaa kumkuta mwandishi wa msimbo ameketi ukumbi mmoja na watunzi wa tenzi. Lakini sheria haikukosea. Wote wawili huandika maneno yanayotenda kazi, na wote wawili waweza kuibiwa jina kwa kufutwa mstari mmoja.

Kiswahili chenyewe kimekwisha kunufaika na ruhusa za namna hii. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo amri zake zilikuwa za Kiswahili. Wafasiri hao hawakuhitaji kubisha hodi kwa kampuni yoyote kuuliza kama Kiswahili kingeleta faida. Leseni ilikuwa imeshajibu. Mlango uliwekwa wazi na watu wasiojua neno la Kiswahili, na Waswahili wakapita. Atakayetaka kuutunza mlango huo ubaki wazi kwa Kikamba, Kidholuo au Kimijikenda atautunza kwa kuheshimu kifuniko cha kisima.

Watapo watakaouliza: kama nia ya mtoaji ilikuwa njema, mbona aende mahakamani kwa ajili ya jina? Je, mkono wa kuume ukitoa, si wa kushoto usijue? Swali hili lina uzito, na halijibiwi kwa kejeli. Jibu limo katika mwenendo wa Jacobsen mwenyewe. Hakuanza yeye ugomvi, wala hakumfuata Katzer kudai bei ya faili. Alidaiwa malipo kwa kazi aliyoitoa bure, na ndani ya bidhaa ya mdai mkatoka jasho la wenzake bila majina. Anayetoa sadaka kwa siri ameamua mwenyewe kuwa siri. Anayefutwa jina ameamuliwa na mwingine, na aghalabu mwingine huyo ndiye anayeuza.

Zaidi ya hayo, jina la Jacobsen halikuwa peke yake katika faili zile. Mlikuwa na majina ya watu ambao dunia haitawajua kamwe: mmoja aliyekaa usiku na dikoda ya kampuni moja mpaka akaijua namba inayowasha taa ya nyuma, mwingine aliyesahihisha kosa la tarakimu moja. Hawakulipwa, wala hawakuomba kulipwa. Waliacha majina yao mwanzoni mwa faili kama vile watunzi wa tenzi walivyoyaacha katika beti za tamati, ili atakayekuja nyuma ajue ni mikono ya nani iliyotangulia. Mradi wa JMRI ungali hai, ungali unatolewa bila malipo, na anayetaka kuuchukua leo atauchukua. Ataombwa jambo lilelile.